Mwanya wa Vidole Vinne

12 Januari

Dada,

Leo natimiza mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke nyumbani. Shikamoo. Mama naye shikamoo, na shemeji nampa mkono. Barua hii ni yenu wote, mama akimaliza kuisoma akupe wewe, msigombanie. Nimeandika herufi kubwa ili asihangaike na miwani.

Simu huku inashika ukipanda kilima cha mchanga, na ukifika juu unakuta wanaume kumi na tano wanapiga kelele, "Unanisikia? Unanisikia?" Hakuna anayesikiwa. Kwa hiyo nabaki na karatasi. Dereva wa lori la saruji anapita mji wetu kila baada ya wiki tatu. Ni mtu mwema, kasoro yake ni kusahau.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile ya kufunga nondo. Unainama asubuhi, unainuka jioni, na kiuno kinakuuliza kama kweli mna undugu. Bwenini tunalala wanane. Chumba ni hatua sita kwa nne, nimekipima mwenyewe. Vitanda ni vya ghorofa na mimi niko juu. Chini yangu analala mzee tunayemwita Kimya, kwa sababu hanyamazi.

Sasa neno lenyewe. Mkataba wangu unaisha tarehe kumi na mbili Agosti. Msimamizi anataka tusaini miaka mingine miwili, na kila mtu atoe jibu kabla Julai haijaisha. Nimechoka, dada, sikufichi. Lakini paa la nyumba ya baba limeoza, na vyumba saba si mchezo. Nimejiapiza kwamba nitabaki huku mpaka nyumba ile iwe na bati jipya, kuanzia sebuleni hadi chumba changu cha nyuma. Niambie vyumba vipi vinavuja siku hizi, ili nikisaini nijue nasainia nini.

Mdogo wako,
mfunga nondo


5 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anasema marahaba zake ni mbili, moja ya shikamoo na nyingine ya unene, maana aliota umenenepa. Barua yako nimemsomea mara mbili. Siku hizi anapenda kusomewa. Shemeji yako hajambo, amenunua kofia na haivui hata akila. Cherehani inazunguka, wateja wapo, wengine wanakuja kushona na wengine wanakuja kukaa.

Umeuliza vyumba vinavyovuja. Vinavuja vitano. Lakini usisaini kwa ajili ya bati, kwa sababu mama anahama.

Soma polepole, usirushe karatasi. Nyuma ya karakana yangu kuna vyumba viwili na pembe ndogo ya jiko. Nilikuwa nimevijaza vitambaa na majora yaliyokatika. Nimevitoa, shemeji yako anapaka chokaa. Mama atakaa hapo. Nyumba ya baba anaichukua mwalimu wa chekechea, yule mwembamba mwenye sauti ya kengele. Anawafundishia watoto uani kwa mtu, wakinyeshewa wanatawanyika. Yeye ndiye atakayeezeka bati jipya, na gharama hiyo ataihesabu kuwa kodi yake ya miaka ya mwanzo. Nyumba inabaki kwa jina la mama.

Usiniulize sababu nyingi. Mama amechoka na vyumba.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Shikamoo. Salamu zangu leo ni fupi kwa kuwa nimekasirika, na mwenye hasira akirefusha salamu anazichachusha.

Nimesoma barua yako nikiwa juu ya kitanda, nikashuka, nikapanda tena. Vyumba viwili? Mama aliyezaa na kulea katika vyumba saba, leo akae nyuma ya cherehani kama jora lililobaki? Watu watasema nini? Watasema mwana wa kiume yuko ng'ambo anawafungia matajiri nondo za ghorofa kumi na nne, na mama yake kahamishiwa stoo.

Na vitu vyake je? Lile kabati la milango mitatu? Meza ya watu kumi na wawili? Viti vya baba? Unavitupa wapi? Na chumba changu cha nyuma, nikirudi nilale kwenye mashine?

Unasema mama amechoka na vyumba. Mtu hachoki na vyumba. Mtu anachoka na kazi, na watu, na magonjwa. Kama wewe ndiye uliyechoka kwenda kumfagilia, sema, nitakuelewa. Lakini usimsingizie mama.

Zuia. Nitasaini, na bati nitalipeleka mimi.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu mwenye hasira,

Marahaba. Mama amesikia matusi yako yote, maana nilimsomea bila kuruka. Alicheka mpaka akaomba maji. Akasema, "Andika umwambie, huyu alikuwa anapasua madaftari yake mwenyewe akikosa hesabu, sasa anataka kupasua na yangu." Pia anauliza kama unakula.

Umechelewa. Tumehama tarehe nane.

Sasa nikuulize swali, na unijibu ukiwa umekaa kitako. Wewe mwenyewe unalala wapi? Si umeniandikia kwa mkono wako, watu wanane, hatua sita kwa nne? Mbona hujaona aibu ya hicho chumba? Au udogo wa chumba ni aibu akikaa mama, lakini akikaa mwanamume ni ujasiri?

Haya, nikusimulie. Kabati la milango mitatu halikutoka. Shemeji yako na vijana wawili wa mtaani walilivuta asubuhi nzima. Kumbe baba aliliundia mule mule chumbani, na mlango ulikuwa mdogo kuliko kabati tangu siku ya kwanza. Shemeji yako kasema livunjwe. Mama kasema, "Liacheni. Limekula nguo zangu miaka thelathini, sasa likale mikoba ya watoto wa watu." Limebaki, na watoto wa chekechea wameshalifanya nyumba ya kujifichia. Meza ya watu kumi na wawili mwalimu ameikata miguu, watoto wanaizunguka wakichora. Niliogopa mama atalia. Alipapasa ubao wake akasema tangu baba afe meza ile ilikuwa inalisha vumbi tu, leo imepata wageni.

Na mimi sikutegemea haya mengine. Kule mama alikuwa ameacha kupika, mimi nampelekea chakula kimefunikwa. Hapa jiko liko mkono wa kulia wa kiti chake, na chumvi haiwezi kupotea kwa kuwa haina pa kwenda. Juzi nimefunga karakana nikakuta yeye ndiye aliyenipikia mimi. Nilikula nikiwa nimesimama, nilikuwa na njaa ya miaka miwili. Akiita nasikia. Nikikosea mshono nikasonya, anasikia yeye, anauliza kupitia ukutani, "Umekata wapi tena?" Wateja wamemgundua. Wanaingia kupima, wanapitiliza kwake, na wengine hawarudi kuvaa viatu mpaka saa nzima.

Na Baba Mdogo, yule aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwaka, alikuja tena na begi lake. Akasimama mlangoni, akatazama chumba cha kwanza, akatazama cha pili, akasema, "Mimi nilikuwa napita tu." Mama alimsindikiza kwa heshima zote.

Tatizo ni fanicha. Kitanda cha zamani kimejaa chumba kizima, mama anatembea kiubavu. Wewe ndiye unayejua kukaa kwenye kidogo. Seremala wa mtaa wa pili yuko tayari, ila hajui aunde nini. Nimepima mwenyewe. Chumba cha ndani ukuta wa mwisho ni futi saba na inchi moja, na kutoka mlangoni hadi huko ni futi kumi na moja. Cha mbele ni futi tisa kwa kumi. Andika tuunde nini, au endelea kukasirika. Vyote viwili havitaenea katika barua moja.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekaa kitako, nimejibu swali lako kichwani, na jibu silipendi. Umenishika pabaya. Mama nampa shikamoo na ninaomba radhi kwa lile neno la stoo. Ninakula.

Nilimsomea Kimya barua yako. Akasema, "Dada yako angekuwa msimamizi hapa, jengo lingekwisha zamani." Halafu akakaa siku nzima bila kusema kitu, tukadhani anaumwa.

Haya sasa, mwambie seremala asikilize. Sisi wanane hatugombani, na si kwa sababu ni watu wema. Ni kwa sababu kila kitu kina mahali pake na hakilali mahali pa mwenzake. Kikombe changu kiko kwenye msumari wa tatu. Mtu akiniamsha gizani nitaleta kikombe hicho bila kugusa cha mtu. Kwa hiyo:

Kitanda akilaze kwenye ukuta wa mwisho, kutoka ukuta hadi ukuta, futi saba na inchi moja kamili, kibane hata karatasi isipite. Upande wa kichwani aweke kirafu kidogo cha maji na dawa. Chini ya kitanda droo mbili ndefu, za nguo, zivutwe kwa kamba, si vishikio vya chuma vya kuumiza miguu. Kimo cha kitanda kiwe cha kiti, ili mama akae kabla hajalala na akae tena kabla hajainuka.

Chumba cha mbele asiweke makochi. Makochi ni wageni wasiokwenda kwao. Aweke benchi refu lenye mfuniko, ndani yake blanketi, juu yake wageni. Usiku likitandikwa ni kitanda. Meza iwe ya kukunja, iwe na bawaba ukutani, mkimaliza kula inalala.

Hakuna kona kali. Kila ubao auzungushe kwa randa.

Naleta kulabu ishirini na nne. Nimezikunja mwenyewe kwa vipande vya nondo nyembamba vilivyobaki, na msimamizi ameniruhusu. Zipigilieni ukutani kwa kimo cha bega la mama, zote mstari mmoja.

Nimepata nafasi ya kuzikunja kwa kuwa nimebadilishiwa kazi. Siku hizi nakaa kwenye kigoda nakata waya wa kufungia. Ni kazi nyepesi, nashukuru.

Habari ya kusaini sijaamua. Bati limepata mwenyewe, hilo nimelikubali. Lakini mtu ukishazoea kuwa na sababu, ikiondolewa unatafuta nyingine.

Mdogo wako,
mkata waya


24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Dereva alisahau barua yako chini ya kiti chake, akazunguka nayo mikoa mitatu. Kulabu zilifika kabla ya maelezo, tukawa tunazitazama kama mitego ya panya. Shemeji yako alijaribu kuning'iniza kofia, na kofia ikapata kwao, sasa tunamwona nywele.

Seremala amemaliza. Benchi limekaa vizuri, meza inakunjika, droo zinavutwa kwa kamba za pamba nilizosuka mimi. Mama amezipitia kulabu zako moja moja. Khanga ya kutokea, khanga ya ndani, kikapu, mfuniko, ungo. Kila kitu kina kulabu yake, na ole wake anayebadilisha. Juzi jirani alitundika mwavuli kwenye kulabu ya tano. Mama akasema, "Mwenye mwavuli, huyo ni mgeni kwa ungo." Tulicheka mpaka mteja aliyejaa pini mwilini akaomba tumwonee huruma.

Lakini kitanda kimekuja kifupi. Badala ya kubana, kimeacha mwanya wa vidole vinne kichwani. Nilimvamia seremala kwa maneno. Akaleta tepu yake ya chuma, akapima kitanda, futi saba na inchi moja. Akapima ukuta, futi saba na inchi nne. Akaniomba tepu yangu. Akazilaza mbili pamoja mezani, mdogo wangu, nikataka ardhi inimeze. Tepu yangu ya kitambaa nimeivuta viunoni mwa watu miaka kumi na tisa, imerefuka. Futi yangu ni kubwa kuliko futi ya dunia. Seremala akasema, "Mama mshonaji, na nguo za mji mzima je?" Nikamwambia nguo hazina neno, mtu na kitambaa chake nawapima kwa tepu ile ile, wote wanadanganyika sawasawa. Lakini ukuta haukushonwa na mimi.

Alitaka akichukue akakiongezee ubao. Mama akakataa katakata. Anasema mwanya ule ndio kitu anachokipenda kuliko vyote. Akiingia anafuata ukuta wa kushoto kwa mkono, na vidole vikizama kwenye mwanya anajua amefika kwenye mto, hajigongi. Kwa hiyo tumeuacha.

Amenenepa kidogo. Anaimba.

Dada yako


8 Juni

Dada,

Shikamoo. Shikamoo mama. Nimefurahi vitu vimekaa. Mwambie seremala mikono yake ni mizuri, na wewe nunua tepu mpya. Mimi ni mzima na kazi inakwenda. Huku mvua imeanza, nguo hazikauki.

Mdogo wako

(Karatasi hii ndogo ni yako peke yako. Usimsomee mama.)

Dada, kwa nini mama anafuata ukuta kwa mkono?

Nimeisoma barua yako, nikarudi nyuma nikazisoma zote. Anapenda kusomewa. Alipapasa meza. Amezipitia kulabu moja moja. Chumvi haiwezi kupotea. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini hili halihitaji shule.

Najua utakwepa, kwa hiyo nitangulie mimi, nikuondolee kisingizio. Sikubadilishiwa kazi kwa wema. Mwezi wa pili fungu la nondo lilichomoka kwenye mnyororo likanishukia mguu wa kushoto. Vidole viwili vimepondeka, kimoja kimekatwa. Natembea, lakini ngazi napanda kama mzee Kimya. Sikusema kwa sababu mngeniita nirudi, nami nilikuwa nataka bati. Halafu bati likapata mwenyewe nikaona haya kusema.

Langu nimelitoa. Toa lako. Natakiwa kutoa jibu la mkataba kabla Julai haijaisha, na sitaki kulitoa nikiwa kipofu.


27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Pole sana. Shemeji yako alisimama akatoka nje niliposoma habari za mguu.

Ndiyo, niliisoma kwa sauti. Nilikuwa nimemsomea mama ile kubwa, nikakunja ndogo polepole niipitishe chini ya kitambaa. Akasema, "Na hiyo ya pili inasemaje?"

"Ipi, mama?"

"Hiyo unayoikunja. Karatasi ndogo inalia tofauti na kubwa. Nisomee."

"Ni bahasha, mama."

"Bahasha umeiweka juu ya mashine ulipoingia. Nisomee, wewe, mimi ndiye niliyekuzaa."

Nikasoma yote, mpaka lile neno la mwisho ulilolitumia bila kufikiri. Akauliza ni kidole gani kimekatwa. Nikamwambia hujasema. Akasema, "Chukua kalamu. Andika hivyo hivyo ninavyosema, usinishonee."

Haya ni yake:

"Mwanangu. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linakwenda polepole, kama mgeni anayeaga mlangoni na haondoki. Daktari wa macho ananipa matone, anasema yanachelewesha, hayarudishi. Labda mwaka, labda haufiki. Mchana jua likiwa kali, mtu akinijia karibu, namjua pua na masikio. Jioni nyote mnakuwa nguo zilizoanikwa. Nilimkataza dada yako kukuambia. Usimlaumu. Nilijua ungeacha kazi ukimbie, na nilikuwa nataka nijizoeze kwanza nyumba yangu, ili ukija unikute nimesimama. Sasa nimeshaizoea. Usivunje mkataba wako kwa ajili yangu. Na usisaini mwingine."

Nikamuuliza, "Mama, niandike lipi?"

"Yote mawili. Ana akili, ataelewa."

Sasa yangu. Desemba alijikwaa kwenye ile ngazi ya ukumbini, unaijua, anayoijua yeye kuliko mtu yeyote. Ilikuwa adhuhuri. Aliita. Vyumba saba, mdogo wangu, na sauti yake haikufika hata barabarani. Nilimkuta jioni baada ya kufunga karakana, amekaa sakafuni ameegemea ukuta, amejifunika mkeka. Hakuvunjika kitu. Aliniambia tu, "Nyumba hii imekuwa na masikio mabaya." Siku hiyo ndipo nilipoamua. Wala sikumuuliza. Niliporudi nilianza kutoa majora usiku ule ule.

Uliniandikia kwamba mtu hachoki na vyumba, anachoka na magonjwa. Ulikuwa sahihi, nami nikashindwa kukujibu. Nilimpa neno langu.

Nilidhani nampunguzia. Naona alikuwa anapungua kule kwenye ukubwa, hapa ameongezeka. Anajua nyumba yake yote kwa mikono miwili. Asubuhi anaizunguka, anagusa kulabu, meza, kirafu, benchi, kama mwalimu anayeita majina, na vyote vinaitika. Kule angehitaji kuongozwa. Hapa ananiongoza mimi.

Amua unavyoamua. Sitakuandikia rudi. Lakini nimekuambia.

Dada yako


16 Julai

Dada,

Shikamoo. Shikamoo mama, na kidole ni cha pili kutoka kile kikubwa, hata viatu havijagundua. Shemeji namshukuru kwa kutoka nje. Sikuwahi kudhani kuna mtu angetoka nje kwa ajili ya mguu wangu.

Barua yenu nimepewa juzi mchana, nikaenda kuisoma nyuma ya tangi la maji. Nilipomaliza, Kimya akanifuata. Hakuuliza kitu. Nikamwambia mwenyewe. Akasema, "Mimi nimesaini mara tatu. Mara ya kwanza nilisainia nyumba, ya pili nilisainia geti la nyumba. Ya tatu sikumbuki. Nilipokwenda likizo, mwanangu aliniletea kiti na glasi ya maji, akaniuliza kama nimetoka mbali." Akanyamaza. Safari hii jina lake lilimfaa.

Jana nikaingia ofisini kwa msimamizi. Ametoa karatasi, ametoa kalamu, ameweka kidole pale pa kusaini.

"Sisaini, mkuu."

"Wewe? Na mguu huo nimekupa kazi ya kukaa. Unajua wangapi wanailia nafasi hiyo?"

"Basi mpe mmoja aache kulia."

"Unakwenda kufanya nini huko?"

Nikamwambia kulabu. Akadhani namfanyia mzaha. Lakini ni kweli, dada. Mwalimu wa chekechea ana watoto wangapi, na mikoba mingapi? Kabati la baba haliwezi kuwatosha wote. Na majirani walioziona kulabu za mama hawajakuuliza zimetoka wapi? Naweza kukunja chuma nikiwa nimekaa, na kigoda kinapatikana popote. Hilo nimelifikiria vizuri, siji kukaa kama Baba Mdogo.

Chumba changu cha nyuma wape watoto walalie mchana. Nilikuwa nakishikilia kama mtu aliyeshika kiti kwenye basi asilopanda. Nitalala kwenye lile benchi la mbele, nimeshalipima kichwani kabla ya seremala. Mlango wa ndani usifungwe, mama akikohoa nimsikie. Kulabu niachieni moja tu, ya mwisho kabisa, na mwambieni mama ni ipi kabla sijafika, isije ikawa mimi ndiye mgeni kwa ungo.

Mkataba siuvunji. Nafanya kazi mpaka siku yake ya mwisho, tarehe kumi na mbili Agosti, ili nauli niipate kihalali na mama asipate la kusema. Mkuu wa ghala ananishauri nipande basi la usiku, ni la moja kwa moja. Nimelikataa. Linafika huko kabla ya kucha, na mimi sitaki kuwa nguo iliyoanikwa. Nitakwenda na lile la mchana, nilale njiani, niamke niendelee. Ndevu zimenijaa huku, nitazinyoa kituoni, akute uso anaoujua.

Mtolee mama kiti nje, mbele ya karakana, mahali pasipo na kivuli. Nitafika Jumamosi, tarehe kumi na tano Agosti, saa sita mchana.

Mdogo wako